Kiingereza cha Uani: Michezo Minne ya Kumfungua Ulimi Mvulana wa Shule ya Msingi

Mwanafunzi wa darasa la nne wa shule ya serikali anaweza kuitikia "Good morning, teacher" bila kigugumizi na kuandika siku zote za wiki kwa mwandiko mzuri, lakini mgeni akimuuliza "What are you doing?" anainamisha uso na kuanza kuchora mchanga kwa kidole gumba cha mguu. Si uzito wa kichwa wala uvivu. Darasani Kiingereza huitikiwa kwa pamoja, na zamu ya mtoto mmoja kutunga sentensi yake na kusikilizwa huja kwa nadra. Nyumbani zamu zipo tele, ila mvulana wa miaka 8 hadi 11 hakai kitako kwa ajili ya daftari siku za likizo. Ukimlazimisha utapata mwandiko, maneno hutayapata.

Michezo iliyomo humu ni minne, na mzazi au mlezi ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga anaimudu yote. Sharti lake ni moja: bila sentensi, hakuna hatua. Mchezo ukiweza kwenda mbele kimyakimya, mtoto ataucheza kimyakimya. Na ule mtindo wa kumsimamisha mtoto mbele ya wageni, "Hebu waambie hiki kinaitwaje kwa Kiingereza," si mchezo hata kidogo, ni mtihani uliovishwa nguo za sikukuu, na watoto wanaujua.

Vitu vya kuandaa

- Karatasi moja ya manila, au maboksi magumu ya dukani yasiyo na maandishi upande mmoja
- Rula, mkasi na maka peni ya rangi nyeusi
- Vizibo 10 vya soda, mshumaa mmoja na gololi moja
- Chaki
- Simu yoyote yenye kurekodi sauti

Muda ni dakika 20 kwa siku, siku nne kwa wiki. Acha wakati bado anataka kuendelea. Ukingoja mpaka achoke, kesho utamtafuta kwa jirani.

Mchezo wa kwanza: karata za kuombana

Anza na huu, kwa sababu sentensi zake ni chache na zinarudiwa mara nyingi.

Kata kadi 40 zenye upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 9. Chagua maneno 10 na kila neno lichorwe kwenye kadi nne. Mwache achore mwenyewe, hata mbuzi akifanana na meza. Usiandike neno, weka picha tu, maana akiona maandishi atasoma kwa matamshi ya Kiswahili. Maneno ya kuanzia ni haya: "ship", "sheep", "cap", "cup", "hat", "hut", "pen", "pan", "egg" na "orange".

Maneno manane ya kwanza ni jozi zinazomtatiza mtu aliyezoea irabu tano za Kiswahili. Ndani ya mchezo mkanganyiko huo ndio unaoleta raha.

1. Changa karata, kila mchezaji apate 7 mkiwa wawili, au 5 mkiwa watatu au wanne. Zilizobaki ziwekwe katikati zikiwa zimefunikwa.
2. Mwenye zamu amwangalie mtu mmoja na kumuuliza, "Do you have a sheep?" Haruhusiwi kuomba kitu ambacho yeye mwenyewe hana hata kadi yake moja.
3. Aliyeulizwa akiwa nayo, ajibu "Yes, I do. Here you are," na atoe zote za aina hiyo. Muulizaji anaendelea na zamu.
4. Akiwa hana, aseme "No, I don't. Take a card." Muulizaji anaokota moja katikati na zamu inahama.
5. Anayekamilisha kadi nne za aina moja anaziweka chini na kusema "I have four sheep." Mwenye seti nyingi mwisho wa mchezo ndiye mshindi.

Sasa lililo muhimu: mpe alichotamka, siyo alichokusudia. Akitaka kondoo lakini akasema meli, mpe meli kama unayo, au mjibu huna. Usimsahihishe. Atalalamika, nawe utamwambia, "You said ship." Baada ya kukosa kadi mara kadhaa ataanza kusikia tofauti ambayo ubaoni asingeisikia hata ikirudiwa mwezi mzima.

Ili umsaidie, irabu zenyewe zinakwenda hivi. Ya "sheep" ni i ya Kiswahili iliyovutwa, midomo imetanuka kama ya mtu anayetabasamu. Ya "ship" ni fupi na imelegea, iko katikati ya i na e. "Cup" na "hut" zinatosheka na a yetu ya kawaida ikiwa fupi. Kwa "cap", "hat" na "pan", anza kama unasema a kisha tanua mdomo kuelekea e bila kufika. "Pen" ni e yetu ileile.

Tatizo jingine ni mwisho wa neno. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwenye irabu, hivyo ulimi wa mtoto unaongeza u au i bila kumuuliza mwenyewe. Akisema "Do you have a kapu?" mjibu kwa Kiswahili kwamba kapu limekwenda sokoni. Mfundishe kufunga midomo kwenye p na kuiacha imefungwa mpaka ahesabu moja.

Yai na chungwa zimewekwa kwa sababu ya "an". Wiki ya kwanza zipokee hata akisema "a egg", ila wewe ukiuliza sema sawasawa. Wiki ya pili sharti liwe kali: asiyesema "an" anaokota kadi.

Kosa la wazazi wengi ni kukubali neno moja, yaani mtoto anasema "Sheep?" na mama anatoa kadi kwa sababu ana haraka ya kurudi jikoni. Ukikubali mara moja, sentensi imekufa. Kaa kimya, shika kadi zako, mwangalie. Mwenyewe atakumbuka.

Mchezo wa pili: mpira wa vizibo

Mtoto wa Kitanzania anayependa mpira tayari ana mtaji wa Kiingereza mdomoni bila kujua: kona, penati, refa, faulo, ofsaidi. Tumia mtaji huo.

Dondosha nta ya mshumaa ndani ya vizibo mpaka vifikie nusu, uviache vipoe. Nta huvipa uzito, kizibo kinateleza vizuri na hakipinduki. Kazi ya moto ni ya mtu mzima. Kwenye sakafu ya saruji chora kwa chaki uwanja wenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60, na magoli yenye upana wa sentimita 15. Kwenye ardhi ya vumbi vizibo havitelezi, cheza juu ya meza au kipande cha ubao. Kila timu ina vizibo 5, gololi ndiyo mpira.

Namba za jezi zichague kwa makusudi. Timu moja iwe na 13, 14, 15, 16 na 17. Nyingine iwe na 30, 40, 50, 60 na 70. Hizo ndizo namba ambazo hata watu wazima wanazichanganya, wakapelekewa bidhaa 50 badala ya 15. Kwenye 13 nguvu ya sauti iende mwishoni na i ivutwe, "thirTEEN". Kwenye 30 nguvu iwe mwanzoni na mwisho uwe mfupi, "THIRty". Na ile th ni ya thelathini, mtoto anayo tayari, akisema "sateen" mkumbushe tu thelathini. Kwa "this" na "that" mkumbushe dhahabu.

Hatua:

1. Kabla ya kupiga kizibo kwa kidole, mchezaji atangaze: "Thirteen passes to fifteen" au "Seventeen shoots!"
2. Apige mara moja. Kizibo kikigusa cha mpinzani kabla ya gololi, ni faulo.
3. Mpinzani ndiye anayetoa taarifa ya kilichotokea: "He missed", "He scored", "He hit the post." Asipoitoa taarifa kabla ya kuhesabiwa tano, mpigaji anapata pigo jingine.
4. Dakika 5 kila kipindi. Wakati wa mapumziko aulizwe matokeo: "What's the score?" Ajibu "Two one" au "Two all."

Tazama jinsi wakati uliopo na uliopita unavyopata kazi bila somo la sarufi: kabla ya pigo ni "shoots", baada ya pigo ni "missed". Herufi s ya "passes" itadondoka, hilo lina uhakika, kwa sababu katika Kiswahili mtendaji anatajwa mwanzoni mwa kitenzi na mtoto haoni haja ya kuweka alama tena mwishoni. Usisimamishe mechi. Wewe kama mtangazaji mwenza rudia kwa sauti ya redio, "Yes! He passes to fifteen!" na endelea. Mtoto akirekebishwa katikati ya shuti atachukia shuti na Kiingereza kwa pamoja.

Siku ya mwisho ya wiki rekodi dakika 2 za utangazaji wake, msikilize pamoja, kisha mwambie achague: kuacha hivyo au kurudia. Wengi hurudia, tena zaidi ya mara moja, na hapo anafanya mazoezi ambayo usingeweza kumlipa ayafanye. Isitumwe kwenye kundi la ukoo bila idhini yake. Binamu mmoja akicheka, rekodi inayofuata hutaiona.

Mchezo wa tatu: roboti mjinga

Huu una kelele na uchafu kidogo. Tandika gazeti. Weka mkate uliokatwa, kopo la siagi lililofungwa, kisu cha mezani kisicho na makali, na sahani. Mzazi ni roboti. Mtoto anatoa amri, na roboti anafanya lilelile lililosemwa, halipunguzi wala haliongezi.

Akisema "Put the butter on the bread," chukua kopo zima na ulisimamishe juu ya mkate. Akisema "Open" peke yake, fungua mdomo. Akisema "Put on the table," simama kama gogo na uulize, "Put what?" mpaka aseme "it". Hilo la "it" linawapotea watoto wetu kwa sababu Kiswahili huliweka ndani ya kitenzi, kiweke, iweke, na Kiingereza kinalitaka lisimame peke yake. Akitumia Kiswahili, betri imekwisha: inamisha kichwa, legeza mikono, nyamaza. Betri huchajiwa kwa "Please, robot" ikifuatwa na amri ya Kiingereza.

Amri ambazo zitafikisha mkate mwisho ni hizi, lakini usimpe mapema, mwache azitafute: "Open the tin. Pick up the knife. Put some butter on the knife. Take a slice of bread. Spread the butter on the bread. Stop." Ile "Stop" isisahauliwe, maana roboti hupaka mpaka aambiwe aache, na siagi ni ghali. Pima vijiko viwili tu kwenye kopo kabla ya kuanza.

Kuna kikwazo kimoja kinachowapata hasa watoto waliolelewa vizuri. Mtoto aliyezoea kusema shikamoo hawezi ghafla kumwamrisha baba yake, "Pick up the knife!" Atanong'ona, au atacheka tu. Dawa yake ni kujivika boksi kichwani au ndoo tupu, na kubadilisha sauti. Anayeamrishwa ni roboti, si baba. Boksi likivuliwa, heshima inarudi mahali pake. "Please" nayo inasaidia, na ni neno analolihitaji hata hivyo.

Kisha badilishaneni, yeye awe roboti. Hapo atakusikia wewe ukitoa amri zilizokamilika, naye atatafuta kwa hamu pa kukukamata. Tumia kazi nyingine: kukunja shati, kufunga kamba za viatu, kupanga vitabu kwenye begi. Usitumie chai ya moto wala jiko.

Mchezo wa nne: nani huyo

Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana mtoto atasema "My mother, he is cooking" hata baada ya miaka mitano ya masomo, na maelezo hayamsaidii. Anahitaji kulazimika kuchagua, mara nyingi, kwa kasi.

Andika kwenye vikaratasi majina 12 ya watu anaowafahamu: bibi, mwalimu wake, muuza maji, fundi baiskeli, mama wa maandazi, mchezaji anayempenda. Nusu wawe wanawake. Mmoja achukue kikaratasi bila kuonyesha, mwingine ana maswali 10. Swali la kwanza ni hilo tu: "Is it a man or a woman?" Baada ya hapo kila swali liwe na "he" au "she": "Does she live near us?" "Is he tall?" "Can she ride a bicycle?" Akichanganya, jibu ni "Who?" na swali limepotea. Maswali yakimwishia kwa makosa ya namna hiyo, mchezo unaofuata atakuwa mwangalifu kama anayevuka barabara ya Mandela kule Dar es Salaam.

Katika mchezo huu ndipo pia linapojitokeza jambo la kujibu maswali ya kukanusha. Ukimuuliza mtoto "Hujala?" anajibu "Ndiyo," kwa maana ya kwamba ni kweli, sijala. Kiingereza kinataka "No, I haven't." Muulize makusudi, "She doesn't live here?" na mzoeze kujibu "No, she doesn't." Sheria ya kumpa ni nyepesi: kama ndani ya jibu kuna "not", jibu lianze na "No".

Sentensi za kummezesha zikiwa nzima

Zipo chache ambazo zikitafsiriwa neno kwa neno zinaharibika, hivyo asizitunge, azikariri kama jina. Umri: "I'm nine," kwa sababu akitafsiri "nina miaka tisa" atapata "I have nine years." Njaa na baridi: "I'm hungry," "I'm cold," si kusikia. Na za mchezoni: "It's my turn," "Wait a minute," "That's not fair," "You're cheating!" Hii ya mwisho ataitumia kuliko zote.

Saa ina shughuli yake. Saa moja asubuhi ni "seven o'clock", na mtoto akikariri orodha ya tofauti za saa sita atapotea. Mwambie asome namba ambayo mshale mfupi unaigusa, basi, asitafsiri. Kila mkitoka kucheza muulize "What time is it?" mbele ya saa ya ukutani, sekunde 10 zinatosha.

Yatakayoharibika, na namna ya kuyatengeneza

Kurekebisha kila kosa ndiko kunakoua michezo hii haraka kuliko lolote. Chagua kosa moja la wiki, mfano "he" na "she", na mengine yaache yapite. Yeye naye akiruhusiwa kukukamata wewe kwa kosa hilohilo, atasikiliza kwa masikio yote mawili.

Wewe mwenyewe ukiwa huna uhakika na tamko, fungua kamusi ya kwenye simu yenye sauti, msikilize wote wawili. Usibuni.

Zipo shule ambako anayesema Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Usiulete mtindo huo nyumbani. Betri kuisha inatosha. Kiswahili kiwe na nafasi yake: maelezo ya sheria mpya, ugomvi, na kicheko vyote viende kwa Kiswahili, mchezo wenyewe ndio uwe kwa Kiingereza.

Zawadi ya pesa au pipi ikianza, itapanda bei. Zawadi bora ni madaraka: aliyeshinda leo anachagua mchezo wa kesho na anatunga sheria moja mpya, mradi aitamke kwa Kiingereza.

Katuni peke yake hainyanyui ulimi, mtoto anaweza kutazama saa mbili akicheka picha. Ikiwa mna televisheni au intaneti, tumia kitu chenye lugha zote mbili, kwa mfano Ubongo Kids, katuni ya elimu inayotengenezwa Dar es Salaam, iliyoanza kurushwa 2014 na inayopatikana kwa Kiswahili na Kiingereza. Atazame kipande kwa Kiswahili kwanza, siku inayofuata kilekile kwa Kiingereza, dakika 5 tu. Zima sauti mara tatu na umwachie yeye awe sauti ya mhusika.

Akiwa na mdogo wake, wasishindane karata, mdogo atalia. Mfanye mkubwa awe mgawaji na refa, kazi yake kumwuliza mdogo "Do you have…?" na kumsaidia kujibu. Na mchezo ukianza kupoa, usitafute mwingine mara moja. Badilisha maneno: toa kadi za "cap", "cup", "hat" na "hut", weka "van" na "fan", "rice" na "lice", hasa kama nyumbani kwenu l na r zinapishana. Picha ya chawa tu itaurudisha mchezo kwa wiki mbili nyingine.